Neno Dogo Nyuma ya Kitenzi: Tulielewe Kabla ya Kutia Sahihi

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilipata barua kutoka kwa waliowakopesha pesa. Ni kikundi cha watu kumi na wanane, wafugaji wa kuku na mbuzi wa maziwa. Kuku wao walikuwa wamekufa kwa kideri, na malipo ya mkopo yakachelewa miezi miwili. Barua ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja tu. Katibu wao, aliyesoma hadi darasa la nane, aliisoma mbele ya wenzake. Alipofika pale palipoandikwa “we shall call in the loan” alisimama kidogo, akafikiri. “Call” ni kuita, hilo alilijua. “In” ni ndani, hilo pia alilijua. Basi akawaambia wenzake, “Wanasema watatuita ndani ya ofisi tuzungumze habari ya mkopo.”

Akina mama walishusha pumzi. Wakakubaliana kungoja kuitwa. Barua ilikuwa imetaja siku kumi na nne, nao wakazingoja zote. Hakuna aliyewaita. Siku chache baadaye ndipo ilipokuja simu: sasa inatakiwa pesa yote iliyobaki, wala si ile ya miezi miwili peke yake, na akiba waliyoiweka kama dhamana imekwisha chukuliwa. Kumbe “call in a loan” maana yake ni kudai mkopo wote ulipwe kwa mara moja, bila kungoja muda wake uishe.

Tulipofika kuwaona, tulimwuliza katibu ni neno gani lililomshinda katika barua ile. Akatujibu, “Hakuna hata neno moja nisilolijua.” Na ni kweli. Kila neno peke yake alilijua, ila yalipokaa mawili pamoja yalikuwa neno lingine kabisa. Kwa sababu jambo hili linaweza kukipata kikundi chochote, tumeona tulieleze hapa.

KITENZI CHENYE MKIA

Kiingereza kina vitenzi vingi ambavyo hufuatwa na neno dogo kama “in”, “out”, “up”, “down”, “on”, “off”, “over” au “back”. Walimu wa Kiingereza huviita “phrasal verbs”. Sisi hapa tutaviita vitenzi vyenye mkia. Lile neno dogo ndilo mkia, na mara nyingi mkia ndio unaogeuza maana yote.

Tusiwacheke Waingereza kwa hilo, maana na sisi tunayo yetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga picha, na hapo hakuna aliyepigwa. Tunakata tamaa, tunakata rufaa, tunakata tikiti, na hakuna kisu. Mgeni akifungua kamusi akaona kwamba “kula” ni kutia chakula mdomoni, ataelewa nini akisikia mtu amekula kiapo au amekula hasara? Sisi hatukufundishwa maneno hayo moja moja. Tuliyasikia nyumbani yakiwa yameshikana, tukayachukua hivyo hivyo.

Tena sisi mkia wetu mara nyingi tunaushona ndani ya kitenzi chenyewe. Tazama neno “lipa”. Tunasema lipa, lipia, lipisha, lipiza, lipana. Herufi moja au mbili zimeingia na maana imegeuka. Kulipa deni si sawa na kulipiza kisasi. Mwingereza anafanya kazi hiyo hiyo kwa kuweka neno dogo nyuma ya “pay”:

“Pay in” ni kuweka pesa benki.
“Pay out” ni kutoa pesa kwa wanaostahili, kama kikundi kinapogawa faida.
“Pay back” ni kurudisha pesa uliyokopa. Lakini pia humaanisha kulipiza kisasi.
“Pay off” ni kumaliza deni lote, lisibaki hata senti.
“Pay up” ni kulipa kile unachodaiwa, hasa ukiwa umesukumwa.
“Pay for” ni kulipia kitu fulani.

Kwa hiyo mtu akikwambia “you have paid back ten thousand”, usifikiri umemaliza. Umerudisha elfu kumi. Kumaliza ni “paid off”. Tofauti ya “back” na “off” inaweza kuwa tofauti ya kulala usingizi na kutolala.

Si sisi tu tunaotaabika. Samuel Johnson, Mwingereza aliyechapisha kamusi kubwa ya Kiingereza huko London mwaka 1755, aliandika katika dibaji yake kwamba vitenzi vya aina hii ndivyo vinavyowapa wageni shida kubwa kabisa. Miongoni mwa mifano yake alitaja “set off” kwa maana ya kupamba kitu. Leo katika karatasi za mkopo “set off” ni jambo lingine kabisa, kama tutakavyoona. Basi asiyeelewa asione haya. Haya ya kweli ni kutia sahihi usichokielewa.

MKIA UNATUDOKEZA NINI?

Mikia haikuwekwa ovyo ovyo. Mara nyingi ina mwelekeo wake, na ukiujua unaweza kubahatisha vizuri:

“Up” mara nyingi huonyesha kumaliza au kujaza kabisa. “Use up” ni kutumia hadi kwisha. “Top up” sote tunaijua kwa sababu ya simu: kuongeza juu ya kilichopo.
“Off” mara nyingi huonyesha kukata au kuondoa. “Cut off” ni kukata, kama maji au stima. “Call off” ni kufuta shughuli.
“Over” mara nyingi huonyesha kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. “Hand over” ni kukabidhi. “Take over” ni kuchukua usukani au kuchukua mali. “Sign over” ni kutia sahihi ili haki yako iende kwa mtu mwingine.
“Out” mara nyingi huonyesha kutoa. “Hand out” ni kugawia watu.
“Back” huonyesha kurudi au kurudisha.

Lakini tunasema “mara nyingi”, hatusemi “siku zote”. Mkia ni dokezo tu, kama mawingu. Mawingu yakitanda unaanika mahindi kwa uangalifu, lakini huwezi kuapa kwamba mvua itanyesha. Palipo na pesa au shamba, tusibahatishe. Tuulize.

MANENO YA MKOPO

Haya ndiyo tunayokutana nayo zaidi katika fomu, barua na ujumbe wa simu.

“Take out a loan” ni kuchukua mkopo. Anayechukua ni wewe. Hakuna anayekutoa katika deni.

“Put up” ina maana mbili zinazotuhusu. “Put up a building” ni kujenga. Lakini “put up land as security” ni kuliweka shamba kuwa dhamana. Ukishindwa kulipa, shamba linaweza kwenda. Tumewahi kumwona mzee aliyedhani anaulizwa kama atajenga kwenye shamba lake, akaitikia kwa furaha. Bahati nzuri kijana wake alikuwa karibu, akamshika mkono kabla kalamu haijagusa karatasi.

“Fall behind” ni kubaki nyuma katika malipo. Hapo ndipo pa kuwaona waliokukopesha upesi, kabla mambo hayajawa makubwa.

“Roll over” maana yake siku ya kulipa imefika, hukulipa, na mkopo umesogezwa kwenye muda mwingine. Wengine husoma ujumbe “your loan has been rolled over” wakadhani umepinduliwa na kuisha. Haukuisha. Unaendelea, na mara nyingi umeongezewa gharama.

“Set off” katika karatasi za mkopo ni kuchukua pesa yako iliyoko kwa mkopeshaji, kama akiba, ili ifidie deni lako. Hivi ndivyo akina mama wetu walivyopoteza akiba yao. Kifungu kilikuwamo katika fomu waliyotia sahihi tangu siku ya kwanza. Lakini “set aside money” ni kuweka pesa kando kwa kazi maalum, na hilo ni jambo jema. Tena ukisikia hukumu ya korti imekuwa “set aside”, maana yake imetanguliwa, haina nguvu tena. Kitenzi ni kile kile, maana ni tatu.

“Write off” linataka uangalifu wa pekee. Mkopeshaji akisema mkopo umekuwa “written off”, anasema habari ya vitabu vyake. Ameuhesabu kuwa hasara, hautegemei tena kama mali. Hilo peke yake halimaanishi kwamba wewe umesamehewa. Anaweza bado kukudai, au kuwapa wakusanya madeni kazi ya kukufuata, na jina lako linaweza kubaki katika orodha ya wasiolipa kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo. Kama kweli umesamehewa, omba barua inayosema wazi kwamba hudaiwi chochote. Bila barua hiyo, usichinje jogoo.

“Back out” ni kujitoa katika mapatano. Kabla ya kuwa mdhamini wa mwenzako, uliza kama unaweza kujitoa, na ni lini mlango huo unafungwa.

MANENO YA MIKUTANO NA BARUA

Hapa kuna mtego mmoja mkubwa kwetu watu wa Kiswahili. Sisi tukisema mkutano “umesogezwa mbele”, kwa kawaida tunamaanisha umeahirishwa, utakuja baadaye. Mwingereza akisema mkutano umekuwa “brought forward”, neno “forward” ni mbele, lakini maana yake ni kinyume: mkutano umeletwa mapema zaidi. Kama ulikuwa Ijumaa na umekuwa “brought forward”, tafuta siku kabla ya Ijumaa. Ukikaa ukingoja wiki ijayo, utakuta uchaguzi umekwisha na viongozi wapya wamekwisha kaa vitini.

Kuahirisha ni “put off”. Kufuta kabisa ni “call off”. Hizi mbili zinafanana mkia lakini hazifanani kazi. Mkutano wa “put off” bado uko. Wa “call off” haupo tena.

“Turn up” ni kufika. “Turn down” ni kukataa. Ombi lenu likiwa “turned down”, limekataliwa, na ni haki yenu kuuliza sababu.

“Look into” ni kuchunguza. “Look after” ni kutunza. Ofisi ikiwaandikia “we shall look into your request”, wamesema watalitazama ombi lenu. Hawajasema watatoa pesa. Tafadhali msinunue mabati kwa ajili ya barua ya namna hiyo.

“Fill in” au “fill out” fomu ni kitu kimoja: kuijaza. Usihangaike kutafuta tofauti.

KATIKA KITABU CHA MWEKA HAZINA

Karibu kila kikundi tunachokijua kina kitabu cha pesa, na karibu kila kitabu kina herufi B/F na C/F. Wanachama wengi huziona kama alama za siri za mweka hazina. Si siri. Ni vitenzi vyenye mkia vilivyofupishwa.

C/F ni “carried forward”, yaani salio linalobebwa kwenda ukurasa unaofuata. B/F ni “brought forward”, yaani salio lililoletwa kutoka ukurasa uliotangulia. Wengine huandika C/D na B/D, “carried down” na “brought down”, kwa salio linaloshushwa chini ya mstari wa kufungia hesabu na kuanzia mwezi mpya.

Kwa kujua hilo tu, hata mwanachama asiyejua Kiingereza anaweza kukagua kitabu. Kama chini ya ukurasa wa 12 pameandikwa C/F shilingi 14,350, basi juu ya ukurasa wa 13 lazima paandikwe B/F shilingi 14,350. Ikiwa ni 13,450, kuna jambo. Labda ni kosa la kalamu tu, maana tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Lakini shilingi 900 haziwezi kupotea njiani kati ya karatasi mbili zilizoshonwa pamoja. Ulizeni kwa upole, na mweka hazina mwema atafurahi kuulizwa.

MKIA UKIKAA MBALI

Kuna jambo lingine linalowachanganya wasomaji. Mkia hauko karibu na kitenzi kila mara. Mwandishi anaweza kusema “the office turned down our request”, au “the office turned our request down”. Maana ni moja: ombi limekataliwa. Katika sentensi ya pili “down” limekaa mwisho kabisa. Ukisoma haraka ukaishia “turned”, utaelewa vingine. Kwa hiyo someni sentensi hadi nukta, kisha mrudi kumtafuta mwenye mkia.

Na nyinyi makatibu mnaoandika barua, shikeni kanuni hii ndogo. Vitenzi kama “fill in” na “pay off” vikitumika pamoja na “it” au “them”, neno hilo hukaa katikati: “fill it in”, “pay them off”. Hatusemi “fill in it”. Lakini vingine havikubali kutenganishwa: tunasema “look after it”, “look into it”. Njia ya kujua ni kuvisoma na kuvisikia mara nyingi katika sentensi nzima.

KIKUNDI KIFANYEJE?

Hatusemi kila mtu aende shule ya Kiingereza. Kuna mambo manne ambayo kikundi chochote kinaweza kuyaanza mkutano ujao.

1. Wekeni daftari la maneno. Kila karatasi ya Kiingereza inayofika, katibu aandike humo vitenzi vyenye mkia alivyoviona. Aandike sentensi nzima, si neno peke yake, na mbele yake maana kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani.

2. Jifunzeni matatu tu kila mkutano. Mtu hali gunia kwa siku moja. Njia nzuri ni kuigiza: mmoja awe mkopeshaji, mwingine mkopaji, wengine waseme kilichotokea.

3. Watumieni vijana. Wanaorudi kutoka shule za sekondari wana kamusi na wana muda wa likizo. Lakini msiwatwike mzigo wote. Kijana naye anaweza kukosea, hasa maneno ya pesa. Palipo na pesa, pateni watu wawili wasiosikilizana wakieleza, kisha mlinganishe majibu yao.

4. Ulizeni kabla ya kutia sahihi, na ombeni muda wa kwenda nyumbani na karatasi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo katika ofisi ya serikali Kiswahili chako si cha kuomba msamaha. Na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Mkopo ni huduma. Mkopeshaji mwema hatakasirika ukisema, “Neno hili nielezee kwa Kiswahili.” Akikasirika, hiyo nayo ni habari.

Mtauliza akina mama wale wameishia wapi. Tulikwenda pamoja na mwenyekiti na katibu hadi ofisi ya mkopeshaji. Akiba haikurudi. Lakini walikubaliwa kulipa kilichobaki kwa miezi kumi, na waliuza mbuzi watatu kuanzia malipo hayo. Tulipotoka, ofisa alituambia kwamba kama wangefika katika zile siku kumi na nne, wangepata makubaliano hayo hayo bila kuguswa akiba. Katibu alinyamaza njia nzima. Wiki iliyofuata tulimkuta na daftari jipya, na juu ya ukurasa wa kwanza ameandika kwa herufi kubwa: CALL IN. Wenzake hawakumwondoa katika kazi. Walisema, huyu sasa ndiye anayejua kuliko sisi sote.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna karatasi ya Kiingereza ambayo kikundi chetu kilitia sahihi bila mtu kuieleza? Iko wapi leo?

2. Tafuteni katika kitabu chetu cha pesa B/F na C/F za kurasa tatu za mwisho. Je, zinalingana?

3. Mngefanya nini mkipata ujumbe huu: “The annual meeting has been brought forward to Tuesday”? Na huu: “Your loan has been written off”?

4. Taja maneno matano ya Kiswahili yanayoanza na “piga” au “kata” ambayo mgeni hawezi kuyaelewa kwa kamusi peke yake. Ungemweleza vipi kila moja?

5. Mwenzetu akikosea kusoma barua, tunamsaidiaje ili asiogope kusoma tena?